Utabiri wa mvua za msimu Dodoma: watu wa mlimani na wa tambarare tunausomaje?

Mkulima wa Kongwa

Ndugu zangu, mbukwenyi. Ninalima mtama na alizeti katika tambarare ya Kongwa, na wakwe zangu wanalima mahindi na maharage juu milimani, upande wa Mpwapwa. Kila mwishoni mwa Oktoba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, yaani zile za Novemba hadi Aprili, na mara nyingi mkoa wetu mzima huwekwa katika fungu moja, kwa mfano "wastani hadi chini ya wastani". Lakini kule juu wanaweza kuwa wanapalilia wakati huku chini bado tunatazama vumbi. Naomba wenye ujuzi mnieleze: maneno hayo yakitolewa, mtu wa tambarare apange nini na mtu wa mlimani apange nini? Je, habari za El Niño tunazozisikia redioni zina uzito gani kwetu sisi wa kanda ya kati? Nauliza sasa kwa sababu mbegu zinanunuliwa Novemba, na mbegu ikiota kwa mvua ya kwanza kisha ikakauka, wengi wetu hatuna fedha ya kununua nyingine.

Mwalimu wa Jiografia, Kondoa

Ndugu Mkulima, nianze na neno "wastani", kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi. Katika taarifa hizo, mvua huhesabiwa kuwa za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu cha mahali husika. Kwa hiyo, ikiwa kijiji chenu hupata milimita 600 kwa msimu, basi milimita 450 ni wastani na milimita 750 pia ni wastani. Kwa mtu wa mlimani, ambako kiwango ni kikubwa zaidi na joto ni dogo, asilimia 75 bado inaweza kutosha mahindi. Kwa mtu wa tambarare, ambako jua la Novemba hukausha udongo kwa siku chache tu, asilimia hiyohiyo ni njaa kwa mahindi, ingawa mtama unaweza kuivumilia.

Sababu ya tofauti hii ni sura ya nchi yenyewe. Mvua zetu huletwa na ukanda mvua unaolifuata jua kuelekea kusini, ambao hutufikia kwa nguvu kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na milima ya Ukaguru na Rubeho, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga sehemu kubwa ya maji yake upande wa mashariki. Ukishuka upande wetu, umebaki mkavu. Ndiyo maana Morogoro inakuwa kijani wakati Dodoma bado ni ya rangi ya kahawia, ingawa si mbali. Mawingu mnayoyaona yakijikusanya jioni za Novemba husababishwa zaidi na joto la ardhi, na mvua yake hunyesha kwa vipande: kitongoji kimoja kinalowa, cha jirani hakipati hata tone. Mvua ya namna hiyo msiichukulie kuwa mwanzo wa msimu.

Kuhusu El Niño, nguvu yake huonekana wazi zaidi katika mvua za vuli za kaskazini na pwani. Sisi tuko katikati, baina ya Afrika Mashariki ambayo mara nyingi hupata mvua nyingi wakati wa El Niño na kusini mwa bara ambako mara nyingi hukauka. Msimu wa 1997/98 ulileta mvua kubwa sana nchini, lakini si kila El Niño itafanana na ule, na kwa Dodoma nisingebadilisha mpango wa shamba kwa habari hiyo peke yake.

Afisa ugani mstaafu

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, na naongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko jumla ya milimita: mtawanyiko. Katika miaka yangu ya kazi nimeona misimu iliyotimiza wastani kwenye karatasi huku mazao yakiwa yameungua, kwa sababu mvua ilikatika Februari, wakati mahindi yanachanua. Kwa hiyo, unaposoma taarifa, tafuta sehemu inayotaja tarehe za kuanza na kuisha, pamoja na vipindi virefu vya ukavu, kisha uifuatilie taarifa ya kila siku kumi, ambayo hurekebisha yale yaliyosemwa Oktoba.

Kongwa ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, ikaleta mitambo na fedha nyingi, na kufikia 1951 ukawa umeachwa. Mvua zisizotabirika na udongo wa mfinyanzi uliokuwa mgumu kama saruji kiangazi ni miongoni mwa sababu zilizouangusha. Udongo ni uleule hadi leo, na usipofunguliwa mapema, hata mvua nzuri itapita juu yake na kwenda zake.

Ushauri wangu kwa shamba lako la chini ni kuacha kuberega, yaani kupanda bila kulima udongo, kukatua mapema, na kuinua matuta yenye vizuizi kila baada ya hatua chache ili maji yasimame na kuzama. Mtama wa muda mfupi kama Macia, au uwele, unaweza kupandwa katika udongo mkavu mwishoni mwa Novemba, lakini mbegu ifukiwe kwa kina cha kutosha ili manyunyu yasiioteshe. Alizeti na mahindi visubiri: chimba kwa jembe, na kama udongo haujalowa kiasi cha shibiri moja, usipande. Wakwe zako wa mlimani wanaweza kutangulia, ila wasilime kwa kufuata mteremko. Kondoa tuliona gharama ya mmomonyoko, hadi serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973.

Mkazi wa Bahi

Wazee wangu mmeeleza vizuri, lakini huku Bahi tunaathiriwa na mvua za mahali pengine kuliko zetu. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na nyanda za juu za kaskazini na kuishia katika mbuga yetu, kwa hiyo majaruba yetu ya mpunga yanaweza kujaa huku kwetu hakujanyesha siku kadhaa. Anayelima bondeni asisome utabiri wa wilaya yake peke yake. Mnakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalivyoharibu vibaya reli kati ya Gulwe na Kilosa, na maporomoko ya tope ya Mlima Hanang yaliyoangukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Mvua zikiwa nyingi milimani mfululizo, sisi wa chini tuhamishe mifugo na chakula kabla mawingu hayajafika kwetu.

Mkulima wa Kongwa

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu wa Bahi. Nimeamua kupanda mtama kwanza, nusu ya shamba, na alizeti nitaiacha hadi udongo ulowe. Swali moja limebaki: mvua zikichelewa hadi katikati ya Januari, bado ninaweza kupanda alizeti?

Afisa ugani mstaafu

Unaweza, ndugu yangu. Alizeti ya muda mfupi hustahimili, na wengi Dodoma huipanda Januari. Ukivuka mwanzo wa Februari, panda choroko au kunde, kwa kuwa mvua zetu huanza kukatika Aprili.