Mshale wa tairi unaelekea nyuma: nihamishe upande au ligeuzwe kwenye ringi?

Dereva wa Nyegezi
Wakuu, habari za leo. Gari ni Toyota IST, matairi ni 185/65 R15, mtumba wa Japani. Ya mbele yana neno ROTATION na mshale ubavuni: la kushoto mshale unaelekea mbele, la kulia unaelekea nyuma. Ya nyuma hayana mshale, yameandikwa OUTSIDE, ila moja maandishi hayo yako ndani, uvunguni. Fundi anasema tairi ni tairi, mradi upepo umekaa. Vuli imeanza na kila siku hapa Mwanza napita Buhongwa kwenda Usagara. Nikibadilishana ya mbele, la kulia liende kushoto, itatosha?

Fundi Mabatini
Kabla ya kushika jeki, hakikisha uliusoma mshale ukiwa juu. Sogeza gari taratibu mpaka mshale ufike karibu na madigadi; hapo ndipo unatakiwa uelekee mbele ya gari. Ukiusoma ukiwa chini karibu na lami, tairi lililofungwa sawasawa litaonekana limegeuka. Kuna watu hulipia kugeuza tairi lisilo na kosa kwa sababu hiyo tu.

Kama kashata zake (michoro ya mpira inayogusa barabara) zimechorwa kama V, hakiki pia kwa macho. Simama mbele ya gari: ncha ya V itazame chini. Ukitazama kwa nyuma, ncha iwe juu. Maana yake ncha ndiyo inayogusa barabara kwanza, kisha mifereji inasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Likifungwa kinyume, maji yanakusanywa katikati, tairi linapanda juu ya maji mapema na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Kwenye lami kavu karibu hutaona tofauti, na ndiyo maana fundi wako anaamini hakuna shida.

Ukikuta kweli la kulia pekee limegeuka, kubadilishana hakutasaidia. La kulia litakuwa sahihi likienda kushoto, lakini la kushoto nalo litageuka likifika kulia. Utakuwa umehamisha kosa. Kubadilishana kunafaa pale yote mawili yanapokuwa kinyume. Lako la kulia litolewe kwenye ringi, ligeuzwe.

Mzee wa Igoma
Hayo ya OUTSIDE ni habari nyingine kabisa, usiyachanganye. Hayana kulia wala kushoto. Sharti lake ni moja, maandishi yaonekane nje ya gari. Kashata za upande wa nje ni pana na ngumu, hubeba uzito kwenye kona. Mifereji mingi ya maji iko upande wa ndani. Kwa hiyo hilo la uvunguni hata ulihamishe magurudumu yote manne bado litabaki limegeuka. Nalo litolewe kwenye ringi.

Na ukifika kwa fundi, soma namba nne za mwisho za DOT, ile alama ya kiwandani iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia pia vizuizi vidogo ndani ya mifereji: kashata zikishuka zikalingana navyo, zimebaki 1.6 mm. Tairi la hivyo usilipie kugeuza, tafuta jingine.

Dereva wa Nyegezi
Asanteni sana. Nimesogeza gari, mshale uko juu na bado unaelekea nyuma. Nimwambie fundi afanye nini hasa?

Fundi Mabatini
Atoe kiini cha valvu upepo uishe wote, abandue kingo zote mbili za tairi zinazokaa kwenye ringi, ageuze, apake maji ya sabuni. Kama kuna doa la njano ubavuni, alilinganishe na valvu, kwani hapo ndipo tairi ni jepesi. Wakati wa kukalisha kingo asivuke psi 40 za upepo. Zikigoma, atoe upepo, apake sabuni tena. Kuongeza upepo kwa nguvu kunaweza kupasua ukingo na kumuumiza. Kisha upepo urudishwe kwa kipimo cha kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Usiondoke bila balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Tairi likigeuzwa, risasi za zamani (vile vizito vidogo vya kwenye ringi) hazifai tena, na usukani utatetemeka ukifika kama kilomita 80 kwa saa hivi. Nati zikazwe kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, siyo kwa mzunguko, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mpaka hapo, mvua ikinyesha punguza mwendo na usikate dimbwi kwa kasi.

Mzee wa Igoma
Nyongeza: baadaye ukizungusha matairi, yenye mshale yanaenda mbele na nyuma ya upande uleule tu. Ila usiache tairi la mshale na la OUTSIDE kwenye ekseli moja.