Albamu "21" ya Adele, mwimbaji wa Uingereza: sifa ni zake au za maprodyuza?

KinandaCheusi: Wadau, 21 ilitoka Januari 2011 na mpaka leo watu wanaisifu kwamba ni maumivu ya mapenzi yaliyomkomaza binti. Mimi nasema kazi ni ya prodyuza Rick Rubin. Kwenye albamu yake ya kabla, "19" ya mwaka 2008, sauti ilikuwa hiyohiyo, mbona haikutikisa dunia kiasi hiki? Ule wimbo wa Someone Like You wenyewe ni piano na sauti basi, nani atashindwa kuimba hiyo?

Mwarubaini: Mkuu, Rubin ana nyimbo 4 kati ya 11. Alirekodi zaidi ya hizo kule Malibu, Marekani, bendi ikipiga kwa pamoja, nyingine zikaachwa. Rolling in the Deep ni ya Paul Epworth, na sauti iliyomo ni ya demo, yaani rekodi ya majaribio, maana waliporudia ile hasira haikurudi. Set Fire to the Rain ni Fraser T Smith, Someone Like You ni Dan Wilson. Maprodyuza wote hao, na albamu bado inasikika ya mtu mmoja. Huyo mmoja ni nani?

SautiYaPili: Ya maprodyuza malizaneni wenyewe. Mimi nimekwama hapo kwenye "nani atashindwa". Wimbo usio na ngoma wala gitaa la besi hauna pa kujificha. Mwendo ni kama mapigo 67 kwa dakika, kwa hiyo ukivuta pumzi katikati ya mstari kila mtu anasikia. Besi ya piano inashuka do, ti, la, kisha inaangukia fa. Mpigaji asipoinua pedali (ile ya mguuni inayorefusha sauti) kila kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, inapobadilika, ti inaendelea kulia pamoja na la na mwimbaji anapoteza njia. Halafu kiitikio kinapanda ghafla hadi pale sauti ya kifua, ile nzito, inapokutana na ya kichwa, ile nyembamba. Adele anaiacha ivunjike hapohapo, kwa makusudi. Wengi wakifika hapo wanasukuma, wanaishia kupiga kelele.

KinandaCheusi: Kama ni fundi hivyo, mbona alipasuliwa koo mwaka huohuo? Anayejua kuimba haumii.

BintiKisauni: Kaka, hapo umemkosea. Kwanza hakupasuliwa shingo; Novemba 2011 kule Boston alitibiwa kwa leza kupitia mdomoni, kuondoa kinyama kilichokuwa kikivuja damu. Pili, tangu katikati ya mwaka alikuwa ameshakatiza ziara ya Marekani kwa ugonjwa wa koo. Nyuzi za sauti zikivimba hazifungi vizuri, hewa inavuja, mwimbaji anaongeza nguvu ili asikike, na kimshipa kinapasuka. Hilo linampata hata aliyefundishwa. Februari 2012 alirudi jukwaani kwenye Grammy, akaondoka na tuzo 6.

Mwarubaini: Tumetoka kwenye mada jamani. Swali lilikuwa la maprodyuza.

SautiYaPili: Mada ndiyo hii, maana vijana wa kwaya wanaupiga Someone Like You kila harusi wakiwa na mafua. Koo likikauka, usiimbe siku hiyo, na usinong'one ukidhani unapumzisha. Kunong'ona kunakaza koo. Maji yanywewe tangu asubuhi, si glasi moja mlangoni. Kabla ya kuimba, dakika 10 za kutetemesha midomo, brrr, kupanda na kushuka, kisha mmm mdomo ukiwa umefungwa.

KinandaCheusi: Sawa, la koo nimekosea, dada. Ila kwa Rubin sijarudi nyuma: ule wimbo wake Don't You Remember usingekuwa vile kwa mtu mwingine.

Mgeni_04: Samahani wakubwa, alto (mwanamke wa sauti ya chini) akishindwa kwenye kiitikio cha Someone Like You, kinanda kishushwe ngapi?

SautiYaPili: Wimbo uko kwenye ufunguo wa A. Bonyeza transipozi, kitufe cha kinanda cha kupandisha au kushusha ufunguo, hadi -2, uimbe kwenye G. Akikwama bado, -4, kwenye F. Usizidi hapo, beti zitazama chini sana na maneno hayatasikika. Na mjaribu kiitikio kwanza, si ubeti wa kwanza, maana ubeti unadanganya.