Mkonga wangu unayumba nikivuta tela, shida ni nini?

Mangi_wa_Ndizi: Wakuu, heshima zenu. Nina mkonga (Land Cruiser) pikapu, navutia tela la ndizi kutoka Moshi kwenda soko la Kilombero, Arusha. Nikigusa 70 tela linaanza kucheza na mkia wa gari unafuata. Tairi za nyuma zinalika kingo zote mbili. Alaimenti nimefanya mara mbili. Silali.

FundiMstaafu: Tairi saizi gani, rimu inchi ngapi, upepo kiasi gani?

Mangi_wa_Ndizi: Tairi ziko poa mkuu, mtumba safi, zina meno.

BintiMachame: Pole kaka. Mzee wetu alivuta tela kwa Peugeot 504 mpaka akastaafu, upepo alipima kwa teke. Siku hizi magari yamekuwa mayai.

FundiMstaafu: Nimeomba namba, sijaomba sifa.

Mangi_wa_Ndizi: Haya. 285/75R16. Rimu ni zile za chuma za zamani, upana inchi 5.5, zilikuwa na tairi za 7.50-16. Lakini zimeingia bila shida na gari limesimama kiume! Upepo psi 30. Zikichemka unapanda, nasimama Maji ya Chai naupunguza.

FundiMstaafu: Mangi, utaua watu. Tairi ya 285 inataka rimu ya upana wa inchi 7.5 mpaka 9. Kwenye 5.5 miguu ya tairi imebanwa, tumbo limetoka nje, ubavu unabembea kila tela likisukuma. Na upepo unapimwa tairi ikiwa baridi. Kupanda ikichemka ni kawaida yake. Ukiutoa, ubavu unakunjika zaidi na moto unaongezeka. Kingo zinalika kwa sababu hiyo. Rudisha tairi za 7.50-16, jaza upepo kulingana na mzigo. Ndizi nazo usizirundike nyuma ya ekseli ya tela, shingo itanyanyuka, lazima licheze.

Mangi_wa_Ndizi: Rimu pana bei yake naijua. Je, nikipandisha 40 tu?

MleviWaDengelua: Uza mkonga ununue punda. Upepo wake anajaza mwenyewe.

Jicho_la_Tatu: Hii chai. Imechemshwa hukohuko Maji ya Chai. Nani anavalisha 285 kwenye 5.5? Kesho atatokea "mdau" mwenye duka la rimu na namba ya simu.

BintiMachame: Eeh, na mimi nimeshtuka. Muuza ndizi gani anajua saizi kwa kichwa?

Mangi_wa_Ndizi: Nimesoma ubavuni jamani! Picha hiyo hapo.

FundiMstaafu: Si chai. Mnaona tarakimu nne mwisho wa DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi? 1211. Wiki ya 12, mwaka 2011. "Mtumba safi."

Mangi_wa_Ndizi: Mzigo wa Jumamosi nimeshakula advansi, wakuu. Nikirudi nitabadilisha.

BintiMachame: Mteremko wa Kikavu unashuka saa ngapi? Nipande Coaster ya Ijumaa.