Tupeane uzoefu: amri za boti kwa anotesheni za Java

Ndugu zangu, naanza mimi niliyeko Shangani, Mtwara. Boti yangu ya Telegram, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe, nimeiandika kwa lugha ya Java nayo huwahudumia wakulima wa korosho: mtu akiandika /bei newala, hujibiwa bei ya mnada wa mwisho niliyoiingiza mwenyewe. Jirani yangu wa Mikindani, aliposikia kwamba naunda boti, aliniuliza mbao ninazitoa wapi. Mwanzoni kila amri ilikuwa na sharti lake la if ndani ya msimbo, na zilipozidi ishirini nikawa nikigusa moja naharibu mbili. Ndipo nilipotunga anotesheni yangu (kibandiko cha maelezo kwenye msimbo), @Amri("bei"), nikaibandika juu ya methodi husika, yaani kipande cha msimbo kinachotekeleza amri hiyo, ili boti inapowashwa ipekue klasi zake, izikusanye methodi zote zenye kibandiko hicho na kuzipanga kwenye Map, jedwali la kutafutia kitu kwa jina lake, kwa jina la amri.

Siku ya kwanza haikujibu chochote. Skrini haikuonyesha kosa lolote; isAnnotationPresent, inayouliza kama anotesheni ipo, ilirudisha false (hapana) kwa kila methodi, nami nilikesha nikiulaumu mtandao. Kumbe sikuwa nimeiwekea anotesheni yangu @Retention, inayosema anotesheni idumu hadi wapi, yenye thamani ya RUNTIME. Usipoitaja, Java huchukua CLASS, yaani anotesheni hubaki ndani ya faili la .class lakini rifleksheni, yaani uwezo wa programu kujichunguza yenyewe, haiioni programu inapoendeshwa. Ninyi mlikwama wapi?

Wa Lindi mjini: Pole kwa kukesha, kaka. Mimi nilihangaishwa na neno null. Mteja aliandika /kilo mia badala ya /kilo 100, Integer.parseInt, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikagoma, lakini kwa kuwa methodi iliitwa kwa invoke ya rifleksheni, hitilafu ile ilifungwa ndani ya InvocationTargetException, ambayo getMessage yake, yaani ujumbe wa kosa, hurudisha null, yaani hakuna kitu. Kosa lenyewe nililipata kwa getCause, inayotoa hitilafu ya asili, na tangu hapo ndilo ninaloliandika kwenye faili la kumbukumbu za makosa (log).

Wa Nachingwea: Yangu iliwajibu watu mmoja mmoja vizuri, ila nilipoiingiza kwenye kundi la chama chetu cha msingi ikanyamaza, kwa sababu ndani ya kundi amri huweza kufika kama /ufuta@ ikifuatiwa na jina la boti, wakati Map yangu inalijua neno ufuta tu. Sasa nakata kila kinachoanzia alama hiyo kabla ya kutafuta. Hata hivyo, kwa amri zangu nne, anotesheni nimeziondoa. Map yenye lambda nne, yaani vipande vifupi vya msimbo visivyo na jina, inanitosha.