Naomba ushauri: nitatokaje kwenye maziwa?

Shalom wapendwa. Niliokoka nikiwa chuo, sasa naimba kwaya na sikosi ibada wala jumuiya. Lakini nikisoma Waebrania 5:12-14, pale pa maziwa ya wachanga kiroho na chakula kigumu cha waliokomaa, najiona bado niko kwenye maziwa. Mahubiri tunayopata mengi ni ya upenyo na baraka. Ya kusamehe na kuvumilia ni machache mno, na kwangu hayo ndiyo yenye kazi. Nafanya kazi ya zamu, hivyo mikesha inanipita. Nimeanza Waraka wa Yakobo, wenye sura 5 tu, nausoma polepole.

Mliotangulia, mlimpataje mlezi wa kiroho? Baada ya Yakobo nisome kitabu gani? Na mtu wa zamu za usiku anafungaje?