Naomba ushauri: shairi la Kiburma, picha, na "yeye" asiye na jinsia

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa.

Natafsiri mashairi ya sasa ya Kiburma kwenda Kiingereza, nikisaidiana na rafiki wa Yangon, Myanmar (Burma ya zamani). Kila shairi linakaa ubavuni mwa picha ya mtaani iliyopigwa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 nchini humo.

Nimekwama kwenye nafsi. Kiburma mara nyingi hakimtaji mtenda, na "thu" yaweza kuwa mwanamume au mwanamke, kama "yeye" yetu. Kiingereza kinanibana nichague. Nikiandika mwanamke, msomaji atadhani ni yule mama wa pichani (uso tumeuficha, kwa usalama wake). Nimejaribu wingi ("they"), mdundo ukafa.

Je, niache mistari bila mtenda? Na picha itangulie shairi, au ifuate?