Naomba ushauri: kujitengenezea mashine ya CNC ya kuchonga miimo ya milango, Bagamoyo

FundiMwimo (Bagamoyo)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Bagamoyo, si mbali na Mji Mkongwe, na kazi inayonilisha ni milango ya nakshi: miimo (nguzo za pembeni), vizingiti na mfaa (ubao wa wima wa katikati), kwa mbao za mninga na mkongo. Sehemu inayonimalizia siku ni kuondoa uwanda, yaani kuchimba mbao yote iliyo pembeni mwa ua ili ua lenyewe libaki limeinuka. Kwa mwimo wenye mnyororo na yungiyungi linalojirudia kutoka chini hadi juu, kazi hiyo hunichukua siku nne kabla sijagusa uso wa ua hata mmoja.

Nimeazimia kujitengenezea mashine inayoongozwa na kompyuta. Nimekwisha kupata shafti mbili za chuma za milimita 16, kila moja ikiwa na urefu wa mita moja, pamoja na mota tatu ndogo, vyote kutoka katika printa kubwa ya kuchapia ramani iliyouzwa kama chakavu. Nimetenga shilingi 3,500,000. Nia yangu ni meza ya mita 1.2 kwa mita 1, na daraja, yaani ile sehemu inayovuka juu ya meza ikiwa imebeba mota ya kukatia, litembee juu ya shafti hizo. Naomba mnieleze ni vifaa gani naweza kuviokota au kuvitengeneza hapa hapa, na ni vipi sina budi kuviagiza. Sitaki kununua mara mbili.

Mkereza_Tanga

Fundi, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchomelea. Mimi nakereza vyuma hapa Tanga, na mashine yangu ya kwanza niliijenga kwa shafti kama hizo zako, zikiwa zimeshikwa kwenye ncha tu, na katikati zikielea hewani. Ilichora vizuri sana kwa kalamu. Siku nilipoweka kisu na mbao ngumu, mstari ulikuwa na kina kamili pembeni na ukapwaya katikati.

Sababu yake inapigika kwa hesabu. Shafti ya milimita 16 iliyolazwa juu ya vigogo viwili vilivyoachana kwa mita moja, ukiitundikia mzigo wa kilo 10 katikati, hupinda zaidi ya milimita 3. Upunguze mwachano uwe nusu mita, na mzigo ule ule utaipinda milimita 0.4 tu, kwa kuwa kupinda hukua kwa urefu uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu: ukikata urefu nusu, upindaji unapungua mara nane. Kwa nakshi jambo hili ni zito kuliko kwa kazi nyingine, kwa sababu ukitumia kisu chenye ncha ya nyuzi 90, upana wa mstari ni mara mbili ya kina chake, hivyo kosa la nusu milimita kwenda chini linaonekana kama milimita nzima ya upana juu ya uso wa mlango, na jicho la mteja halikosi kuliona.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia vifaa, naomba ubadilishe umbo la mashine. Wewe huchongi mlango mzima. Umesema mwenyewe kwamba unachonga miimo, vizingiti na mfaa, na vyote hivyo ni virefu na vyembamba. Huna haja ya daraja la mita moja. Jenga daraja lenye nafasi ya sentimita 40 tu, meza iwe ya mita moja kwa urefu, na iwe wazi kwenye ncha zote mbili ili mwimo wa futi saba upite. Unachonga mita ya kwanza, unatoboa matundu mawili ya kigingi kwenye sehemu ya mbao itakayofichwa na ukuta, unausogeza mwimo hadi matundu yakae juu ya vigingi vilivyokazwa mezani, kisha unaendelea. Yungiyungi linalojirudia linakusaidia hapa, kwa kuwa kiungo cha hatua mbili unaweza kukiweka mahali ua linapoishia.

Sasa vifaa. Fremu ichomelewe hapo hapo Bagamoyo kwa skwea paipu nene. Hakuna sababu ya kuagiza chuma cha fremu kutoka mbali. Mwambie mchomeleaji ashike kwanza kwa vidoti pande zote, kisha achomelee kwa kupokezana pande zinazotazamana huku chuma kikipoa, la sivyo fremu itajikunja. Ili kujua kama imejikunja, funga mishipi miwili ya kuvulia samaki kutoka pembe hadi pembe, ikatishane katikati, na ivutwe kwa nguvu. Kwenye pembe zote nne mishipi ikae kwa kimo kimoja. Fremu ikiwa sawa, mishipi itagusana kidogo tu bila mmoja kuusukuma mwingine. Halafu pima pembe mraba kwa milimita 600, 800 na 1,000. Mimi pale ambapo reli ingekaa nilimimina epoksi nyembamba ndani ya kingo za plaiwudi, ikajisawazisha yenyewe kama maji, na ilipokauka nikawa na uso mnyoofu ambao mchomeleaji hawezi kukupa.

Vitu visivyookoteka ni viwili: reli za mraba zenye vibebeo vyake, za aina ya milimita 15 au 20, na skrubu za gololi, zile zinazosukuma sehemu za mashine zikizunguka, za milimita 16 zenye hatua ya milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Kuna wanaotumia beringi za kawaida zikibingirika juu ya chuma cha engo, nami nimewahi kufanya hivyo. Kwa kukata mapambo ya dari inatosha, ila kwa mkongo engo inachimbika na mashine inaanza kucheza. Vifaa hivi huagizwa China kupitia mawakala wa mizigo wa Dar es Salaam. Reli na skrubu ni nzito, zipite baharini. Vifaa vya umeme ni vyepesi, vinaweza kupanda ndege. Muulize wakala bei yenye ushuru na VAT ya asilimia 18 ndani yake, usikubali bei ya nusu njia. Beringi za kawaida, bolti na mikanda utavipata Kariakoo na Gerezani kwa kwenda na kurudi siku moja.

Skrubu za gololi ziagizwe zikiwa zimekwisha kukerezwa ncha. Chuma chake kimeimarishwa kikawa kigumu sana, na mashine nyingi za kukereza mitaani zitakuvunjia visu.

WayaNaFyuzi (Tanga)

Nimesoma maelezo ya Mkereza na sina la kupunguza. Naongeza upande wa umeme, maana ndiko nilikounguza vifaa.

Mota za printa zihifadhi kwa kazi nyingine. Kwa mninga chukua stepa, yaani mota zinazozunguka kwa hatua, za ukubwa wa NEMA 23, zenye uso wa milimita 57, kila moja na draiva yake (kifaa kinachoilisha umeme wa kila hatua), na pawasaplai ya volti 36. Stepa hizo hugawanya mzunguko katika hatua 200; draiva ikigawa kila hatua mara nane, na skrubu ikiwa ya milimita 5, unapata hatua 320 kwa milimita, na hiyo ndiyo namba utakayoiandika ndani ya Grbl, programu ya bure ya kuongozea mota, inayokaa kwenye kibao cha kielektroniki cha Arduino Uno. Usichomoe kamwe waya wa mota wakati draiva ina umeme. Draiva hufa papo hapo, nami nilizika mbili kabla ya kuamini.

Spindo, yaani mota ya kukatia, ya wati 1,500 inayoendeshwa na inveta (kifaa kinachodhibiti mzunguko wake) ni nzuri, haina kelele za ruta ya mkono, lakini inveta hutoa mawimbi yanayoingia kwenye nyaya za swichi za mwisho wa mwendo, na mashine husimama katikati ya kazi ikidhani imegonga mwisho. Tumia waya wenye wavu wa chuma kutoka inveta hadi spindo, wavu huo uungwe kwenye waya wa ardhini, uupitishe mbali na nyaya za swichi, na kila swichi uiwekee kapasita ya mikrofaradi 0.1. Swichi zenyewe ziwe za kufunga mkondo zikiwa zimetulia, ili waya ukikatika mashine isimame badala ya kuendelea kwa upofu.

Kuhusu umeme kukatika, nakuomba usikilize kwa makini. Watu wengi huweka UPS, yaani betri ya akiba, kwenye kompyuta peke yake. Hilo ni kosa, kwa sababu mota zimekufa lakini Arduino, inayopata umeme wake kutoka kwenye kompyuta, inaendelea kuhesabu hatua ambazo hakuna mota iliyozipiga, na umeme ukirudi kisu kinaanzia mahali pasipo pake, juu ya mwimo uliokwisha kuufanyia kazi siku nzima. Weka relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayoshikwa na umeme wa ukutani, na ikiachia, iunganishe pini ya Grbl ya kusimamisha mwendo. Halafu weka swichi za nyumbani, zinazoionyesha mashine mahali pake pa kuanzia, kwenye mihimili yote mitatu. Grbl huhifadhi sifuri ya kazi yako hata umeme ukizimwa, hivyo ukiirudisha mashine nyumbani, itaijua tena sehemu ile ile, na utaanza upya kutoka mstari wa programu ulioachia.

BabuPatasi (Bagamoyo)

Mwanangu, nimechonga milango kwa miaka mingi katika mji huu, na wala sikuji kukukataza. Kuondoa uwanda ni kazi ya jasho, ikifanywa na mashine hakuna kilichopotea. Ninachokuomba ni kwamba mashine iishie hapo.

Kisu kinachosimama wima hakiwezi kuingia chini ya petali. Yungiyungi likiachwa jinsi mashine ilivyolitoa, petali zake zinasimama kama vibao vilivyobandikwa, wakati patasi inaingia kwa mlalo, inakata chini ya ukingo, na kivuli kinakaa pale. Kivuli hicho ndicho kinachofanya mlango usomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Acha milimita 1 au 2 ya mbao juu ya kila ua, umalize kwa mkono.

Jambo jingine ni mbao. Usiweke mbao mbichi kwenye mashine ukidhani kwa kuwa kazi ni ya haraka haitawahi kujikunja. Na mkiuchonga mvule, funga mlango wa vumbi: vumbi lake linawasha macho na kubana kifua, na mashine hulisaga laini kuliko patasi. Vaa barakoa, uweke na kinyonya vumbi.

FundiMwimo (Bagamoyo)

Shikamoo Babu, nimekusikia, nami nitaacha milimita 2 juu ya kila ua. Ndugu Mkereza, wazo la daraja jembamba limenifungua macho. Nimepima miimo yote niliyoichonga mwaka huu na hakuna uliozidi sentimita 22 kwa upana. Ndugu Waya, relei nimeiandika ya kwanza katika orodha. Nimebaki na maswali mawili. Kisu kiende kwa kasi gani kwenye mninga? Na zile shafti zangu, je, zimekwisha kuwa hasara?

Mkereza_Tanga

Kwa kisu cha milimita 6 chenye makali mawili, spindo ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, anzia milimita 1,800 kwa dakika, ambayo ni sawa na kila kali kung'oa milimita 0.05. Kina kiwe milimita 2 kwa kila pito. Ukiona moshi usipunguze mwendo, maana kisu kinachokwenda polepole kinasugua badala ya kukata, na kusugua ndiko kunakounguza mbao. Punguza mzunguko wa spindo au ongeza mwendo.

Shafti si hasara. Zikate kwa grenda, kwa kuwa msumeno wa mkono utateleza tu juu ya chuma hicho, kila moja upate vipande vinne vya karibu sentimita 25. Kwa urefu huo upindaji wake ni sehemu moja ya 64 ya ule wa mita nzima, hivyo viwili vitakuongozea mhimili wa kupanda na kushuka pamoja na beringi za LM16UU, zinazoteleza juu ya shafti ya milimita 16. Weka na springi ya kuinua spindo, kwa sababu skrubu ya gololi haijizuii, na umeme ukikatika spindo inaweza kushuka yenyewe juu ya mbao. Viwili kati ya vilivyobaki vikate kwa grenda viwe vile vigingi vya meza. Kabla ya kuvifungia kitu chochote vipake grisi, maana kwa upepo wa bahari wa Bagamoyo chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja unakikuta asubuhi kimeanza kubadilika rangi.